Ijumaa za Fundi Saa

Sokoni siku ile palikuwa hapapenyeki. Muuguzi mstaafu alijisukuma hivyo hivyo, gauni lake la bluu limenyooshwa pasi kana kwamba anaingia zamu, mpaka kwenye meza ya fundi saa.

"Baba, umeniharibia saa niliyomtuma binti yangu akuletee," alisema, akimwonyesha saa ndogo iliyobanwa kifuani kwa pini. "Saa ya muuguzi huning'inia kichwa chini, ili niinamishe macho niisome. Wewe umehamishia pini upande wa pili!"

Fundi, mzee mtanashati, akavua miwani. "Nilidhani aliyeitengeneza alikuwa amelewa. Lakini faida ipo, mama. Sasa nitaisoma mimi."

Muuguzi akaangua kicheko, cha kwanza tangu astaafu. Saa hakuiacha itengenezwe. Alirudi yeye mwenyewe, kesho yake na keshokutwa.

"Binti yangu haniachii hata kikombe nioshe," alilalamika siku moja. "Pumzika mama, pumzika mama! Nimepumzika mpaka najiona nimekwisha."

"Hujaisha, kipenzi. Mimi niliendesha treni miaka thelathini na mitano, njia ile ile. Sasa Jumatatu hadi Jumatano ni saa, Alhamisi nafundisha watu wazima kusoma, Jumamosi napiga tarumbeta harusini."

"Na Ijumaa?"

Mzee akakohoa. "Ijumaa nina shughuli."

Shughuli! Ijumaa iliyofuata muuguzi akampigia simu. Ikapokelewa na sauti nyororo ya kike: "Hawezi kuongea sasa, mikono yake imo kwenye nywele zangu."

Muuguzi akakata simu. Wiki mbili hakupokea simu ya mzee, akashinda ndani akikunja nguo zilizokwisha kukunjwa. Hakumlilia mwanamume peke yake. Alikuwa ameanza tena kuamka na hamu ya kutoka, na hamu hiyo nayo imetoweka. Ijumaa ya tatu uvumilivu ukamwishia. Akamuuliza muuza vitambaa, jirani wa fundi pale sokoni, naye akamwelekeza saluni nyuma ya stendi.

Alimkuta mzee amevaa aproni ya waridi, chanuo mdomoni, anamsuka mwenye saluni, msichana wa rika la bintiye.

"Mwanafunzi wangu huyu, mama," msichana akawahi kusema. "Anafanyia mazoezi kichwa changu. Ona mistari ilivyopinda!"

"Kwa nini hukuniambia?" muuguzi akamuuliza mzee.

"Niliona haya. Dereva wa treni, kusuka! Lakini vidole vilichoka na skrubu, vikataka kitu kilicho hai."

Hasira zikamwisha muuguzi, akabaki na aibu. Akageuza uso, macho yakatua kwenye miguu ya mteja mjamzito. Mara akawa amepiga magoti. "Imevimba tangu lini, mwanangu? Kichwa kinauma? Nenda kliniki leo hii, usingoje kesho."

Msichana akamtazama kwa mshangao. "Wajawazito wanajaa hapa kila Ijumaa, mama. Njoo uwe unaongea nao."

"Nitakuja," alijibu, machozi yakimlenga.

Mzee akamvutia kiti, akachuchumaa mbele yake. "Siku sita nina kazi, kipenzi. Jumapili niliiacha tu, sikujua namwekea nani. Utakubali nikuoe?"

"Mzee mzima unaposa na chanuo mkononi!"

Mzee akaisoma saa kifuani pa muuguzi. "Saa tisa na robo. Nakupa mpaka na nusu."

"Nimekubali sasa hivi. Na hiyo pini usiirudishe, ibaki hivyo hivyo uwe unanisomea."