Mkate Aliokula Tansy

"Mbegu gani hizo, mzee?" Dervla aliuliza, akishusha kikombe chake cha chai.

"Hizi ndogo nyeusi wanazomwagia juu ya mikate." Mzee Malachy Hanrahan alikuwa anatafuna chipsi, macho yake uwanjani ambako mbwa wa mbio ya kwanza walikuwa wanaingizwa kwenye vizimba vya kuanzia. "Za popi. Si ndiyo mmea uleule unaotoa afyuni? Kuna jamaa mwezi uliopita mbwa wake kapimwa mkojo, ukakutwa na dawa. Mtu mzima analia, anaapa hajawahi hata kuziona hizo dawa. Kumbe mkewe kampa mbwa mabaki ya mkate!"

"Wakamfanya nini?"

"Wakamfungia leseni. Ulidhani watampa keki?"

Mzee alicheka peke yake. Dervla hakucheka.

Dervla Coughlan aliuza mikate dukani mjini. Wenye mbwa wote wa wilaya ile walimjua, kwa sababu kila jioni walipita kuchukua mikate ya jana wakawalowekee mbwa wao. Walichukua mikate ya kahawia, ile isiyo na kitu juu. Hivyo ndivyo alivyomfahamu Ultan, mtoto wa Mzee Malachy. Alikuja kuomba mkate wa jana, akarudi kesho yake, akarudi tena siku ambayo duka lilikuwa limefungwa.

Na asubuhi ya leo Dervla alikuwa amempa Tansy, mbwa wa Ultan, vipande vitatu vya mkate wa mbegu. Jana viwili. Kwa siri, kwa mkono wake, kwa sababu mbwa alionekana mwembamba na ule mkate ulikuwa laini.

Ultan alishamwambia mara ngapi? "Chakula cha Tansy kinapita mkononi mwangu tu. Mimi mgeni kwenye kazi hii, Dervla. Nikikosea kitu kimoja, nimekwisha."

Simu ikalia mfukoni. Ujumbe.

"Kapimwa kilo 26 na nusu, kama wiki iliyopita! Wamemkagua alama za masikioni, wamemfungia kibandani. Mbio ya nne, atavaa fulana nyeusi. Mpenzi, moyo utanitoka."

Dervla aliandika: "Ultan, kuna jambo." Akafuta. Akaandika: "Usinikasirikie." Akafuta. Mwishowe akatuma: "Nakuombea."

"Mzee," alisema polepole, "huwa wanawapima mbwa wote?"

"Wote wawapimie wapi? Wanachagua. Mara nyingi anayeshinda." Mzee alimtazama kwa jicho la pembeni. "Mbona umekuwa mweupe hivyo, binti? Mbwa wenu hashindi, usiwe na wasiwasi. Nilimwambia Ultan, mbwa wa kwanza ni wa kujifunzia. Hakunisikia. Kaacha kazi kiwanda cha maziwa, kaacha mshahara, eti mkufunzi! Leseni yenyewe ina wiki nane."

Wiki nane. Lakini tangu Januari, hata kabla ya leseni, Ultan alikuwa anaamka alfajiri kumtembeza Tansy barabarani kwenye mvua, maili tatu kila siku. Alimsugua mapaja kwa mafuta mpaka mikono ikamchubuka. Mara tatu kwa wiki alimwachia akimbie kwenye uwanja wa jirani, Dervla akiwa upande wa pili anapunga kitambaa na kuita. Mara ya kwanza Tansy alimpita Dervla, akaenda kulala kwenye nyasi. Walicheka hadi wakakaa chini.

Ee Mungu, Dervla aliomba kimoyomoyo, Tansy ashindwe. Awe wa mwisho.

Ombi lenyewe likamwogopesha kuliko mbegu. Mtu gani anamwombea mpenzi wake hivyo?

Akampigia.

"Dervla! Uko wapi? Sikia, wanasema yule wa fulana nyekundu anachechemea kidogo. Tunaweza kushinda! Unanisikia?"

"Nakusikia."

"Mbona sauti hivyo?"

"Hakuna. Kelele tu za huku."

"Baba anasemaje?"

"Anasema... anakutakia heri."

"Muongo wewe! Baba huyo huyo?" Ultan akacheka, akakata simu.

Mbio ya pili ikaisha. Mbwa aliyeshinda alitolewa, na nyuma yake akafuata mkaguzi mwenye koti jeupe, kashika kibakuli kilichofungwa kwenye fimbo ndefu. Mbwa akisimama, naye anasimama. Mbwa akiinua mguu, mkaguzi anapeleka kibakuli chini yake. Watu walicheka. Dervla alikitazama kile kibakuli kama mtu anayetazama bunduki.

Aliinuka.

"Unaenda wapi?" Mzee Malachy aliuliza.

"Kwa Ultan."

"Huwezi kuingia huko. Subiri kwenye lango."

Alisubiri kwenye lango. Mbio ya tatu ilipita, hakuona hata rangi moja. Kisha Ultan akatokea anaelekea vibandani kumchukua Tansy, kavaa koti jeupe lililomzidi mabega, na uso wake wote ulikuwa tabasamu.

"Umekuja kuniaga? Siendi vitani!"

"Usimkimbize."

"Nini?"

"Usimkimbize Tansy. Nimempa mkate. Ule wa mbegu. Leo vipande vitatu, jana viwili. Sikujua, Ultan, naapa sikujua. Baba yako amesema sasa hivi kwamba..."

Tabasamu likaondoka kidogo kidogo.

"Mbegu za popi?"

"Ndiyo."

"Nilikwambia nini?"

"Ulinikataza."

"Nilikukataza mara ngapi, Dervla?"

Dervla alifunga macho. Nyumbani alikolelewa, swali la namna ile lilifuatwa na kitu kuvunjika. Alisubiri kelele. Alipofumbua macho, Ultan hakuwepo. Alikuwa anatembea kwenda ofisi ya wakaguzi, mabega yake yamelegea kama ya mzee.

Mlango ulikuwa wazi, kila neno likamfikia pale alipo.

"Namtoa mbwa wangu kwenye mbio ya nne," Ultan alisema.

"Kaumia?"

"Hapana. Kala mkate wa mbegu za popi."

"Nani kamlisha?"

Dervla alishika chuma cha lango.

"Mkufunzi ni mimi," Ultan alijibu. "Andika mimi."

"Kijana, utalipa faini, na hakimbii mpaka vipimo viwe safi. Ila umekuja mwenyewe, kabla ya mbio. Ungekuja baada ya mbio, tungeongea lugha nyingine kabisa."

Spika ikatangaza kwamba kizimba cha nne, cha Tansy, kitakuwa kitupu. Mzee Malachy, aliyekwisha kubahatisha sababu, akaja mbio, sahani ya chipsi bado mkononi.

"Nilisema mimi! Unamwachia muuza mikate alee mbwa wa mbio? Leo umechekwa na wilaya nzima!"

"Baba, nenda nyumbani."

"Unamwambia nani?"

"Wewe. Nenda nyumbani, baba. Tafadhali."

Walirudi na gari dogo la mizigo, wawili mbele, Tansy nyuma kwenye majani makavu. Jua la Juni lilikuwa bado juu ya mashamba. Dervla alikuwa anahesabu vituo vya basi, anajiuliza atashushwa kituo kipi.

Ultan akaegesha pembeni, akazima injini.

Haya, ndiyo mwisho, Dervla akawaza. Akashika kitasa cha mlango.

"Ulijua tangu saa ngapi?" Ultan aliuliza.

"Kabla ya mbio ya kwanza."

"Uliponipigia..."

"Nilijua."

"Kwa nini hukusema?"

"Niliogopa."

"Kunyang'anywa leseni?"

"Wewe. Nilikuogopa wewe."

Ultan aligeuka akamtazama. Yale maneno yalimuumiza kuliko kizimba kitupu. Uso wake ulisema hivyo.

"Nimewahi kukupigia kelele?"

"Hapana. Ndiyo maana nilikuwa nangoja. Kila siku nangoja zianze."

"Hata pale langoni?"

"Pale zaidi."

Ultan aliweka mikono juu ya usukani.

"Mama yangu alikuwa anamficha baba hata vikombe vilivyovunjika," alisema. "Anavifukia bustanini. Sitaki nyumba ya vikombe vya kufukia, Dervla. Nigombeze."

"Nini?"

"Nigombeze mimi. Sasa hivi. Uone kama kuna kitu kitavunjika."

"Siwezi."

"Lolote."

Moyo wa Dervla ulikwenda kasi kuliko mbwa yeyote wa jioni ile.

"Buti zako zinanuka," alisema kwa sauti ndogo. "Tangu Februari. Gari lote linanuka."

"Endelea."

"Unaimba vibaya."

"Hilo ni tusi. Endelea!"

"Na umemwachia baba yako aniite muuza mikate mbele ya watu, ukamfukuza, lakini hukumwambia mimi ni nani!" Sasa alikuwa anapiga kelele, machozi yanamtoka, na hakuna kilichovunjika. "Mimi ni nani, Ultan? Tangu Krismasi nangoja uniulize, na huniulizi!"

Masikio ya Ultan yakawa mekundu.

"Ungekubali kuole..."

"Ndiyo!"

Alilisema kwa nguvu, na Tansy nyuma akaamka, akaanza kubweka.