Karis Amwandikia Kocha

Ngano ikishakauka haimngoji mtu. Katika shamba la akina Unruh, kule Kansas, wiki hiyo hakuna aliyelala vya kutosha. Baba, Verlin Unruh, aliendesha kombaini, mashine ya kuvunia, tangu umande ulipokauka mpaka giza lilipoingia. Binti yake Karis, wa miaka kumi na saba, aliendesha lori la kubebea ngano. Mama yake, Joleen, alipika, akaleta chakula shambani, akarudi kupika tena.

Karis alikuwa na jambo jingine moyoni. Kila aliposimamisha lori, alitoa simu mfukoni na kuitazama. Hakuna kitu. Aliirudisha mfukoni, akakaza meno.

Karis alikuwa mrushaji wa kisahani. Mwezi uliopita, kwenye mashindano ya shule za jimbo zima, alirusha futi mia moja arobaini na nane, akawa wa kwanza. Alitaka kuendelea kurusha akiwa chuo kikuu. Lakini timu za vyuo huchaguliwa na makocha, na anayechaguliwa huweza kusaidiwa karo. Asiyechaguliwa, mchezo wake mara nyingi huishia shuleni. Karis alikuwa amebakiza mwaka mmoja tu wa sekondari. Tangu majira ya baridi alikuwa amewaandikia makocha kadhaa. Hakuna hata mmoja aliyemjibu.

Mchana huo walikula wamesimama nyuma ya gari la Mama. Zilikuwa verenika, vifuko vya unga vya kuchemsha, zenye jibini ndani, na mchuzi mzito wa nyama juu yake. Karis alichezea uma tu.

"Brielle amepata chuo," alisema.

"Brielle yupi?" Mama aliuliza.

"Yule wa shule ya jirani. Ninayemshinda kila siku."

Mama aliacha kupakua. Baba alitafuna polepole, akitazama mawingu.

"Na wewe watakuona tu," Baba alisema. "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kula, tuna kazi."

Kwa watu wa kanisa lao, kujisifu ni aibu kubwa. Mtu akivuna ngano ya kujaza maghala husema, "Tumepata kidogo." Akijenga nyumba ya ghorofa husema, "Ni kibanda tu cha kujisitiri." Karis alikuwa amelelewa hivyo. Siku aliyoshinda, mchungaji alimuuliza mashindano yalikwendaje, naye akajibu, "Hayakuwa mabaya."

Jioni alikuja Rhoda Schrag, binamu yake Baba, amebeba kikapu cha mikate. Rhoda alikuwa amesaidia kufundisha wanariadha katika chuo kimoja huko Iowa kwa miaka mingi. Sasa alikuwa amerudi nyumbani kumtunza baba yake mgonjwa. Alikuwa na sauti kubwa, na hakuogopa kuitumia.

"Mwanangu, mbona uso umekunjamana hivyo? Nani kafa?" alimuuliza Karis.

"Hakuna, Shangazi. Ni makocha. Hawajibu."

"Uliwaandikia nini? Hebu nione."

Karis alisita, kisha akampa simu. Rhoda alisoma kwa sauti:

"'Mheshimiwa Kocha, samahani kwa kukusumbua. Mimi ni msichana wa shamba hapa Kansas. Huwa narusha kisahani kidogo. Wapo wengi wanaonizidi. Ukiwa na nafasi, sawa. Usipokuwa nayo, sawa pia. Karis.'"

Rhoda alicheka mpaka akaegemea gari.

"Mama wee! Hapa unaomba nafasi au unaomba msamaha? Kidogo ndiyo futi ngapi?"

"Mia moja arobaini na nane," Karis alisema kwa sauti ya chini.

"Na umeiandika wapi hiyo?"

"Sikuiandika. Nitaonekana najisifu."

Kicheko cha Rhoda kilikatika. "Karis, makocha hupata jumbe nyingi kila wiki. Huyu wako hana jina la ukoo, hana mwaka wa kumaliza shule, hana hata namba moja. Kocha atakujuaje? Aote ndoto?"

Baba alikuwa amefika, akifuta mafuta mikononi. Alikuwa amesikia yote, na uso wake haukuwa na furaha.

"Rhoda, usimfundishe mtoto wangu majivuno."

"Majivuno ni kusema uongo, Verlin, au kumdharau mwenzako. Namba iliyopimwa kwa futikamba ni majivuno gani?"

"Aliye mzuri huonekana."

"Huonekana na nani? Kutoka hapa hadi barabara ya lami hakuna mtu, ni ng'ombe tu! Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wewe unamwambia binti akae kitandani, angoje kitoke chenyewe."

"Babu yake hakuwahi kujitangaza hata siku moja."

"Babu yake alipeleka ngano yake ghalani ikapimwa. Hakuikalia nyumbani akisema, 'Watakuja kuiona.'"

Baba akarudi kwenye kombaini bila kuaga. Karis hakuwahi kumwona mtu akimjibu baba yake namna ile.

"Shangazi, labda nimechelewa," alisema. "Labda walishanikataa wote."

"Hujakataliwa. Hujajulikana. Hayo ni mambo mawili." Rhoda alimshika bega. "Lakini muda ni mchache kweli, sitakudanganya. Njoo jikoni."

Walikaa kwenye meza ya jikoni, Mama akiosha vyombo huku ametega sikio.

"Ulipaswa kuanza mapema, mwaka wa pili wa sekondari," Rhoda alisema. "Na ungeanza mapema ungekuta kimya pia, ukavunjika moyo bure. Kwenye vyuo vikubwa sheria za michezo zinamkataza kocha kujibu kabla ya muda fulani. Kwa mchezo wako ni katikati ya Juni, baada ya mwaka wa pili. Mwanafunzi anaweza kuandika, kocha husoma tu na kunyamaza. Watoto wengi hudhani wamekataliwa. Kila mchezo una tarehe zake, na sheria hubadilika, kwa hiyo uliza shuleni kila mwaka. Kwako wewe, muda huo ulishapita. Wako huru kukujibu."

"Basi ningoje?"

"Nani kasema ngoja? Andika! Anza na jina la kocha mwenyewe, na uliandike sawasawa. Usitume ujumbe mmoja kwa wote. Wananusa hilo upesi. Halafu wewe ni nani, shule gani, unamaliza mwaka gani. Unarusha nini, umbali gani, wapi, tarehe gani, ili aweze kuhakikisha. Weka alama zako za darasani pia. Wastani wako ukoje?"

"Si mbaya..."

"Karis!"

"Ni wa juu. Karibu A zote."

"Ehee! Andika hivyo hivyo. Kisha sema kwa nini unakitaka chuo chake. Chake, si cha mwingine."

"Nimwandikie mimi?" Mama aliuliza kutoka kwenye sinki. "Mimi najua kupanga maneno."

"Hapana, Joleen. Kocha hamchukui mama. Makocha wengi wakiona mzazi ndiye anayeandika, huuliza, je, binti ataamshwa na nani huko chuoni? Wewe kazi yako ni video. Kesho mchukue akirusha, kutoka nyuma na kutoka pembeni. Iwe fupi. Usiweke muziki wala mapambo. Waone miguu yake, na waone kisahani kinapoanguka."

Karis aliandika sentensi, akafuta. Akaandika, akafuta. Kila alipofika kwenye neno "bingwa", vidole viligoma. Aliona haya kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni. Rhoda hakumsaidia. Mwishowe Karis alifumba macho, akaliandika.

Asubuhi Mama alichukua video kabla umande haujakauka. Karis alituma ujumbe kwa makocha wa vyuo vikubwa na vidogo pia. Rhoda alikuwa amesisitiza hilo: "Chuo kidogo kinachokutaka ni bora kuliko kikubwa kinachokusahau." Chini ya kila ujumbe aliweka namba yake ya simu, na ya Kocha Pankratz wa shuleni kwake. Kwenye tovuti za vyuo alijaza pia fomu za wanamichezo.

Kesho yake simu ilitikisika. Makocha wawili wa vyuo vidogo walimshukuru na kumwomba matokeo zaidi. Aliwajibu papo hapo. Kisha ukaja ujumbe mwingine, akausoma mara mbili ndani ya lori.

Ulitoka kwa Kocha Deanne Halvorsen wa Chuo Kikuu cha Niobrara, huko Nebraska. Ndicho chuo alichokitaka kuliko vyote. Kocha aliandika: "Nimebakiza nafasi moja ya mrushaji, na nitaamua kabla ya Jumapili. Nitakupigia Alhamisi saa kumi na mbili jioni."

Karis alimweleza Rhoda kwa simu, akihema.

"Pokea mwenyewe," Rhoda alisema. "Akiuliza, jibu kwa ukweli. Udhaifu wako useme, na nguvu zako uzieleze vilevile. Uwe na maswali yako pia. Na mwambie baba yako, akiwa karibu, afunge mdomo."

"Siwezi kumwambia hivyo, Shangazi!"

"Basi mpe simu nimwambie mimi."

Karis hakumpa. Alimwomba Baba robo saa tu, Alhamisi jioni. Baba alitazama ngano, akatazama mbingu.

"Mungu akipenda," alisema. Karis hakujua kama hiyo ni ndiyo au hapana.

Alhamisi mchana joto lilizidi. Alasiri, upande wa magharibi, wingu jeusi lilipanda, na chini yake palikuwa na rangi ya kijani. Wakulima wa kule huijua rangi hiyo. Ni mvua ya mawe. Ngano ikipigwa na mawe, kazi ya mwaka mzima hulala chini.

Baba aliongeza mwendo wa kombaini. Karis alikwenda mbio kwenye ghala la ushirika, akamwaga ngano, akarudi. Saa kumi na mbili kasoro kidogo tangi la kombaini lilikuwa limejaa tena, na taa yake iliwaka kumwita. Alisogeza lori. Upepo ulianza kuvuma kwa nguvu.

Simu ikaita.

Karis aliitazama simu, akaitazama taa ya kombaini. Alipokea.

"Karis Unruh? Ni Kocha Halvorsen. Je, unanisikia?"

"Nakusikia, Kocha. Samahani, kuna upepo." Alibonyeza spika ili asikie vizuri juu ya mngurumo wa lori.

Kombaini ilisimama. Baba aliteremka, akaja kwa hatua ndefu, kofia mkononi. Karis alijua anakuja kumwambia akate simu. Mlango ulifunguliwa, Baba akapanda, akaketi pembeni yake. Wingu lilikuwa limefika karibu.

"Nimeona namba zako," Kocha alisema. "Video nimeiangalia, na nimezungumza na Kocha Pankratz. Sasa nataka kukusikia wewe. Wewe ni mrushaji wa namna gani?"

Karis alitupa jicho pembeni. Baba yake alikuwa pale pale, akimtazama.

"Najitahidi tu, Kocha," alisema. "Wapo wengi..."

Karis aliiona nafasi yake ikiondoka, naye hawezi hata kuinua ulimi.

"Karis? Sikusikii vizuri, kuna mngurumo hapo."

Baba alinyoosha mkono. Hakuikamata simu. Alishika ufunguo wa lori, akauzungusha, injini ikazima. Kisha akaweka mikono yake juu ya magoti, akangoja.

Karis alivuta pumzi.

"Mimi ni bingwa wa jimbo," alisema. "Mwaka wa kwanza nilirusha futi tisini na nane. Mwaka huu nimerusha mia moja arobaini na nane. Mguu wangu wa kushoto unachelewa kugeuka, bado tunaushughulikia. Ukikaa sawa, nitafika mia moja na sitini. Naamini hivyo."

Hakuthubutu kumtazama Baba.

"Na mimi naamini hivyo," Kocha alisema. "Una swali?"

"Ninalo. Warushaji wana kocha wao wenyewe? Na mazoezi yakigongana na masomo ya kilimo, inakuwaje?"

Kocha alimjibu yote kwa kirefu. Tone la kwanza la mvua liligonga kioo, kubwa kama jicho la ng'ombe. Baba hakutikisika.

"Njoo na wazazi wako mwezi wa tisa, mtuone," Kocha alimalizia. "Nafasi hiyo nakuwekea. Mkitupenda, chuo kitalipa sehemu kubwa ya karo. Nitakuletea kwa maandishi, ili msome kabla ya kukubali."

Karis alishukuru. Simu ikakatika, na hapo hapo mawe yakaanza kuanguka. Yalipiga paa la lori kwa kishindo, wakashindwa hata kusikizana. Mbele yao, ukanda wa mwisho wa ngano ulilala chini. Karis aliona wazi kuwa robo saa ile ingetosha kuuvuna. Machozi yalimtoka.

"Baba, ngano..."

"Naiona," Baba alisema.

Waliketi mpaka mawe yakapungua. Baba alivaa kofia yake, akafungua mlango. Mguu mmoja ukiwa tayari nje, alisita.

"Mpigie mama yako," alisema. "Mweleze yote aliyosema kocha. Na yote uliyosema wewe."

"Ndiyo, Baba."

"Usipunguze kitu."