Kufuli ya Kipimagiza

Kipimagiza, darubini kubwa, kilikuwa na vioo mia nne, vimesimikwa kwenye mwamba wa upande wa Mwezi usioiona Dunia. Kwa miaka miwili na miezi minane vilikuwa vikitazama kundi moja tu la galaksi. Vilipima mwanga wa galaksi zilizo mbali zaidi, nyuma ya kundi lile, ambao ulipinda kidogo kila ulipopita kando yake, kwa sababu uzito mkubwa huvuta hata mwanga. Mpindo ulipopigiwa hesabu, uzito uliokuwapo pale ulizidi mno ule wa nyota zinazoonekana. Ziada hiyo ndiyo maada giza, na Kemilembe Rugaimukamu alikuwa ameutoa ujana wake ili aichoree ramani.

Ila mtikisiko mmoja tu, hata wa chombo kuruka, ungeharibu kipimo chote. Kwa hiyo Kemilembe, alipobuni mtambo, aliufungamanisha na mlango wa chombo cha kurudi Duniani: kipimo kikiendelea, mlango haufunguki. Wakubwa walimsifu. Yeye na mzee Shaweji, fundi kutoka Rufiji aliyekuwa mwenzake pekee kituoni, walitia saini masharti hayo huku wakitaniana.

Sasa Shaweji alikuwa akikohoa damu. Vumbi la Mwezini, kali kama chupa iliyosagwa, lilikuwa limemjaa mapafuni. Daktari aliyempima kutoka Duniani alimpa wiki tatu, na kipimo kilibakiza miezi minne. Kemilembe akaomba mlango ufunguliwe. Makao makuu yakamjibu kwa upole kwamba kufuli ile haina njia ya pembeni ya kuifungua, wala mtambo hauzimiki kabla ya kipimo kwisha, kama alivyosisitiza yeye mwenyewe kwenye ripoti yake.

Siku nne alizunguka katika vile vyumba vitatu, kikohozi kikimfuata kila alikokwenda. Mwishowe Shaweji akamwita.

"Mwanangu, usiiharibu kazi kwa ajili yangu. Mimi nimekwisha kula chumvi nyingi."

"Na miezi minne nitaishi humu na maiti yako, baba?"

Mzee akageukia ukutani.

Kemilembe akavaa suti ya nje, akachukua nyundo, akaenda hadi kwenye kioo cha katikati. Akaupiga mguu wa kioo hicho mara tatu. Hakusikia kitu, maana Mwezini hakuna hewa ya kubeba sauti. Alihisi mpigo viganjani tu. Aliporudi ndani, mtambo ulikuwa umekwisha kutangaza kwamba kipimo kimeharibika, na mlango wa chombo ulikuwa wazi.

Chombo kilikuwa na viti viwili, nacho kilijiendesha. Lakini vioo visipopashwa moto na mtu kila siku hupasuka kwa baridi, na vikipasuka hakuna atakayevijenga tena. Akamfunga Shaweji mikanda, akamfunika blanketi, akabaki.

Siku ya sita daktari akamjulisha kwamba mzee amefika na anapumua vizuri. Siku ya saba makao makuu yakamwagiza aanze kipimo upya: miaka mitatu, kwa kufuli ileile. Akasema hatawasha mtambo mpaka kufuli iondolewe, awe na mwenzake au asiwe naye. Wakamwambia kwamba hakuna chombo kitakachotumwa kumchukua mpaka awashe.



"Basi nipo, na siwashi," Kemilembe akasema, akaenda kupasha vioo moto.