Doa Lisilofika Ukutani

Kasoro ya kwanza ilikuwa ndogo: doa halikufika ukutani.

Fundi simu alikuwa amefunga mapazia mchana kweupe, miwani ya kukinga machoni, akicheza na leza yake ya mwanga usioonekana. Mkewe, fundi cherehani, aliiita leza hiyo mke mwenza. Kazi yenyewe ilikuwa kusogeza lenzi kidogo kidogo mpaka mwale unyooke usitawanyike, doa liwe na upana uleule karibu na mbali. Jicho haliuoni mwale huo, kwa hiyo alilitazama doa kupitia kamera ya simu kuukuu. Siku hiyo mwale ulinyooka kuliko siku zote. Ila kwenye kioo cha simu doa lilisimama katikati ya korido, hewani, pasipo na kitu.

Mwenye akili angezima. Yeye alifurahi, akadhani ni vumbi, akausogeza mwale kando upana wa vidole viwili. Doa likasimama hewani tena. Ndipo ikaja harufu ya nywele zilizoungua, na mtu akavuta pumzi kwa uchungu, karibu naye kabisa. Mkewe alikuwa sokoni.

Kesho yake mkewe alishindwa kutunga uzi kwenye sindano. Juma halijaisha, akawa haoni kitu.

"Macho yako mazima kabisa, mama," daktari alimwambia, na fundi akalia palepale mbele ya watu.

Nyumbani harufu ilizidi. Jioni moja walikuwa wameketi kitandani, na cherehani ikaanza kuzunguka sebuleni, polepole, kisha kwa kasi.

"Ni wewe unayeichezea?" mkewe alinong'ona.

"Mimi nimekushika mikono yote miwili, mke wangu."

Mganga waliyemwita alikuwa bibi wa maneno machache. Alisimama koridoni, akaziba pua, akauliza kazi gani hufanyika pale. Fundi akaeleza yote.

"Wao hupita humu na sisi hupita humu," bibi alisema. "Hatuonani, kila mtu na amani yake. Wewe umemchoma macho, mwanangu. Moja, kisha la pili."

"Mfukuze, Bibi. Nakuomba."

"Kipofu nimfukuze vipi? Mlango hauoni. Anataka macho."

"Basi mbona asichukue yangu? Mke wangu ana kosa gani?"

"Wewe ulivaa miwani."

Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, lakini huu ulikuwa umemchoma mwingine, na hilo ndilo lililomtafuna. Mkewe alipolala mchana, fundi alivua miwani, akaielekeza leza usoni pake mwenyewe, akalitoa jicho lake moja liungue. Hakuona mwanga wowote. Maumivu aliyaona.

"Naona dirisha," mkewe aliita kutoka chumbani. "Jicho la kushoto limerudi." Alikuja mbio akicheka, akamwona, akaanguka magotini. "Umefanya nini? Jicho moja linanitosha kushonea. Niapie utaishia hapo."

Akaapa. Lakini nyuma ya bega la mkewe cherehani ilikuwa imeanza tena, na harufu ile ikamjia kooni, na akasikia kitu kikipapasa ukuta, kikipapasa meza, kikipapasa nguo zilizotundikwa, kikija taratibu kama mtu anayetafuta kiberiti gizani, mpaka ushungi wa mkewe ukainuka wenyewe juu ya jicho lile lililorudi, na fundi, ambaye maisha yake yote hakuwa shujaa wa chochote, akamsukuma mkewe chumbani, akafunga mlango kwa ufunguo, akairudia leza huku mkewe akigonga na kumwita kwa majina yao ya siri.

Baadaye ilibidi aupapase ufunguo ili amfungulie.

"Naona kwa yote mawili," mkewe alisema huku akilia, kichwa cha mumewe kifuani pake. "Na harufu imekwisha. Ameondoka?"

Fundi aligeuza uso kuelekea sebuleni. Gizani mwake hamkuwa na kitu ila kimoja, kimekaa mbele ya cherehani, kikimtazama kwa macho mawili aliyoyafahamu vizuri. Kila asubuhi alikuwa akiyaona kwenye kioo cha kunyolea ndevu.

"Ameondoka, mke wangu," alisema. "Nenda katunge uzi."