Mkanda wa Kiti cha Kushoto

Meshack ni jirani yangu, ukuta kwa ukuta, hapa Gungu, na kama kuna mtu aliyekuwa anacheka habari za wachawi na mizimu, basi ni yeye. Ukimwambia fulani karogwa, anakuuliza kama kapima malaria. Sasa hivi hacheki tena. Nisikilizeni.

Jumamosi moja aliamka na ndoo, sabuni ya unga na tambara, akaanza kuosha gari lake mbele ya nyumba. Gari dogo la Kijapani, rangi ya fedha, alilolinunua miezi miwili nyuma kwa Bonaventura, bwana mmoja wa Buzebazeba. Alilinunua kwa sababu moja tu: mkewe, Leonia, alikuwa na mimba, ambayo Jumamosi ile ilikuwa imetimiza miezi saba. Miaka tisa ya ndoa, mimba mbili zilishaharibika, na ya pili iliharibikia juu ya bodaboda wakiwa njiani kwenda hospitali. Meshack alijiapiza kwamba ya tatu haitapanda pikipiki.

Gari halikuwa na shida. Injini kimya, breki zinashika. Lilikuwa na kero moja ya kijinga, kengele ya mkanda. Magari haya yana kitu chini ya kiti cha abiria kinachopima uzito. Mtu akikaa bila kufunga mkanda, taa nyekundu inawaka na kengele inalia, ti, ti, ti, mpaka afunge. Na Meshack kazi yake ni kuwauzia wavuvi wa dagaa betri na taa, kwa hiyo karibu kila siku alishuka mwaloni Kibirizi, zinakotia nanga boti za wavuvi, na betri zimejaa kiti cha mbele, na kengele ikimwimbia njia nzima. Hilo alilielewa. Betri nzito, gari linadhani ni mtu.

Asichokielewa ni wakati wa kurudi. Betri zote zimeshuka, kiti kitupu, anaondoka Kibirizi kwenda mjini, hajamaliza hata mita mia: ti, ti, ti. Inalia mpaka njia panda ya hospitali. Akiipita ile njia panda anyooshe kwenda Gungu, inalia kwa kasi zaidi, ti-ti-ti-ti, kisha inakatika yenyewe.

"Waya tu," alijisemea. Kwake yeye kila kitu kilikuwa waya.

Asubuhi ile ya kuosha gari akafungua mlango wa kushoto, akakuta kiti kimelowa. Si chote. Pale pa kukalia tu. Akainama akanusa, hakuna harufu, si mkojo, si mafuta, si maji ya betri. Alipoinua kichwa, Leonia alikuwa amesimama mlangoni, mkono kiunoni.

"Jana ulimbeba nani?"

"Betri."

"Tangu lini betri zinakojoa?"

"Leonia, jamani."

"Usiniite jina langu hivyo. Mara ya tatu hii. Jumanne nilikikuta, Alhamisi nikakikuta. Nikanyamaza. Mwanamke wako wa Kibirizi mwambie ajikaushe kabla hajapanda gari la mimba yangu."

Basi shaka ikaingia nyumbani. Leonia akawa anapekua simu na kunusa mashati. Meshack naye akaanza kuwatilia shaka watu. Nani ana ufunguo wa pili? Bonaventura alimpa ufunguo mmoja tu, akasema mwingine ulipotea. Ulipotea au upo kwa mtu? Na mbona aliuza haraka vile, bei ya kutupa, akikwepa hata kumtazama usoni? Usiku mmoja akawaza hata kuhusu mkewe, kwamba pengine amekwenda kwa mtaalamu akapewa dawa ya kumkamata mume asitoke nje. Aliona aibu kuwaza hivyo, lakini aliwaza.

Jumatano akamfuata mama mkwe wake, Mama Melania, aliyekuja na boti kutoka Mwamgongo kumlea bintiye mpaka ajifungue. Alimpokea Kibirizi, akainama, akasalimu kwa Kiha, "Mwakeye, Mama," akapakia kapu lake la mihogo na samaki wa kukausha, migebuka. Mama Melania akapanda nyuma. Hakuna aliyeshangaa. Kwao mama mkwe hakai bega kwa bega na mkwewe, hata njia iwe fupi kiasi gani. Kwa hiyo mbele kushoto palibaki patupu.

Hawakufika mbali. Ti, ti, ti.

"Hicho kinalia nini, mkwe?"

"Samahani, Mama. Ni kengele. Inalia mtu akikaa hapa mbele bila kufunga mkanda."

Mama Melania akakitazama kiti cha mbele. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Sasa si umfunge."

Meshack akacheka kicheko cha heshima. Akasimamisha gari pembeni, akavuta mkanda, akauchomeka. Kengele ikanyamaza. Akarudisha mkono kwenye gia, jicho likapita kwenye kile kiti.

Mkanda wa kiti kitupu hulala. Unajibana kwenye mgongo wa kiti, umenyooka. Ule haukulala. Ulipita begani sawasawa, ukashuka, halafu ukaja mbele. Ulikuwa umetuna. Umetuna pale katikati, mviringo, na chini yake hakuna kitu.

Alinyoosha kidole kuubonyeza. Haukubonyea.

Aliendesha mpaka Gungu huku jasho linamtiririka na kiyoyozi kinapuliza. Walipofika, Mama Melania alishuka taratibu, akakichungulia kiti kupitia kioo, akamvuta mkwewe mbali na mlango.

"Gari hili limembeba nani?"

"Sijui, Mama."

"Kaulize. Kuna mtu njiani."

Mwenye akili angekwenda kuuliza siku hiyohiyo. Meshack hakwenda. Alikuwa na hofu, na hofu yake akaivalisha nguo ya hasira. Kesho yake alikwenda Mwanga kwa Nehemia, fundi umeme wa magari, akamwambia, "Nitolee huu ujinga." Nehemia akalala kifudifudi, akaingiza mkono chini ya kiti, akachomoa soketi moja ya njano. Dakika mbili, kazi imekwisha.

"Imekufa hiyo," alisema akijifuta mikono. "Ila ujue, sasa hata akikaa mtu hutajua."

Siku tisa za ukimya zikafuata. Kibirizi kwenda, Kibirizi kurudi, kimya. Unadhani alistarehe? Thubutu. Zamani kengele ikikatika alijua kiti ni kitupu. Sasa hakujua kitu. Alikuwa akiendesha shingo imekakamaa, hataki kutazama kushoto. Na kila asubuhi kiti kimelowa. Na Leonia tumbo linashuka, na ni kiti hichohicho ambacho angekikalia siku ikifika. Wazo hilo lilimnyima usingizi: mkewe anakaa, na kumbe anamkalia mtu. Au mtu anamkalia yeye. Na mtoto je?

Siku ya kumi akashindwa. Mchana, mawingu ya mvua yametanda, akaenda Buzebazeba. Bonaventura alipoliona gari likisimama mbele ya mlango wake, akataka kufunga dirisha.

"Usifunge," Meshack alisema. "Nani alikaa kushoto?"

Bonaventura alimtazama, kisha akakaa chini palepale kizingitini.

"Aurore," alisema. "Niliambiwa jina lake baadaye. Walikuja na boti kutoka huko kaskazini, yeye na mumewe, nikawapakia pale Kibirizi. Uchungu wa siku mbili. Chupa ilimpasukia, maji yakamwagika humo kwenye kiti. Nikakimbiza gari, wallahi nilikimbiza. Tukakaribia njia panda ya hospitali. Akanyamaza. Mume akamgusa, akasema amekwisha, tugeuze, boti haijaondoka, nikamzike kwetu. Nikageuza."

"Na mtoto?"

"Alizikwa naye tumboni."

"Mlimwambia marehemu kwamba mnageuza?"

Bonaventura akainamisha kichwa. Meshack naye alishangaa kwa nini ameuliza swali lile. Jambo hilo alikuwa amelisikia kwa mama mkwe wake jioni iliyopita, akajifanya hakusikia. Maiti ikisafirishwa, huambiwa njia. Anakaa ndugu karibu yake, anamtajia: sasa tunatoka, sasa tunavuka mto, sasa tunakunja, tumefika kwako. Na mkibadili safari, mnamwambia kabla ya kugeuza. Usipomwambia, yeye bado anakwenda.

"Mume alikuwa analia," Bonaventura alisema. "Mimi nilikuwa naogopa. Hakuna aliyesema kitu. Miezi mitatu sasa. Nisamehe, ndugu yangu. Ile kengele ilinimaliza."

Simu ya Meshack ikaita. Mama Melania.

"Rudi. Chupa imepasuka."

"Mama, bado wiki sita!"

"Nimesema rudi."

Mvua ikaanguka. Si mvua ya kuchezea. Gungu nzima ilikuwa matope, bodaboda zote zimejibanza chini ya mabaraza. Meshack alisimamisha gari, akamkuta Leonia kainama mlangoni, kashika mwimo, uso umebadilika rangi. Alitaka kumfungulia mlango wa mbele, kiti cha mbele kinalala vizuri. Mkono ukagoma. Leonia mwenyewe akakitazama kile kiti, na safari hii hakuuliza ni mwanamke gani.

"Nyuma," alinong'ona. "Niweke nyuma na mama."

Wakapanda. Mbele kushoto pakabaki patupu. Kama palikuwa patupu.

Alikata kona ya kwanza. Ya pili. Leonia analia kwa kubana meno. Gari likaanza kuwa zito. Anakanyaga mafuta, linavuta kwa shida kama limepakia saruji. Vioo vikaingia ukungu. Vyote kidogo, ila cha kushoto kizima, kana kwamba kuna mtu anapumua karibu nacho. Anafuta. Kinarudi. Hofu iliyomshika haikuwa ya kufa yeye. Aliona pikipiki ile ya mwaka ule, damu ile, akajua inakuja tena, ya tatu, na safari hii kuna anayeingoja.

"Linakataa!" alipiga kelele. "Mama, gari linakataa!"

"Waambie njia," Mama Melania alisema.

"Niwaambie kina nani?"

"Wote wawili."

Machozi yakamtoka, na simwoni mjinga kwa kulia. Akafungua mdomo.

"Leonia, tumetoka Gungu. Tunateremka. Mbele ni njia panda." Akageukia kiti cha kushoto. "Aurore. Dada Aurore. Tunakwenda hospitali. Hatugeuzi. Hapa ndipo tulipokugeuzia, utusamehe. Hatugeuzi leo. Sasa nakunja. Nimekunja. Ile pale geti. Unaiona? Tumefika. Tumefika, dada."

Gari likawa jepesi. Ghafla, hadi nusura agonge nguzo ya geti.

Manesi walikuja na kitanda cha magurudumu. Mmoja alimshika Leonia upande huu, mama yake upande ule, wakakimbia naye. Meshack alibaki na usukani mikononi. Mlango wa kushoto ulikuwa wazi, mvua inaingia. Hakuusikia ukifunguliwa. Alikigusa kile kiti kwa kiganja. Kilikuwa cha moto.

Alingoja kwenye benchi saa nzima. Alitubu madhambi yake yote na mengine ambayo hakuyatenda. Hatimaye mkunga akatoka, mwanamke mtu mzima, mzoefu.

"Mkeo mzima," alisema.

"Mtoto?"

"Karatasi za kliniki mlipopima zinasema mtoto mmoja."

"Ndiyo. Mmoja."

"Wapo wawili."

Meshack akacheka, akalia, akataka kumkumbatia. Mkunga akarudi nyuma hatua moja. Akatazama huku na huku kwenye korido, akamsogelea, akanong'ona.

"Baba, mimi nimekata kitovu kimoja tu."

Alipoingia wodini, Mama Melania alikuwa amekwishaketi kando ya kitanda, watoto mapajani, wote wa kiume. Leonia amelala, mchovu, anatabasamu, hataki kuulizwa kitu. Aliyetangulia kutoka alikuwa mdogo, mwekundu, kamba ya kitovu imebanwa, bado mbichi. Aliyefuata alikuwa ametulia. Macho wazi. Shingo imekaza. Anamtazama Meshack, anamfuata anakoelekea.

Kwetu mapacha hawatafutiwi majina. Mkubwa ni Bukuru, mdogo ni Butoyi, imekwisha. Meshack, apate neno la kusema, akamgusa yule mwekundu aliyetangulia.

"Huyu ndiye Bukuru wetu."

"Hapana," Mama Melania alisema.

"Mama, huyu ndiye aliyetoka kwanza."

Bibi yule akafunua kitenge cha yule wa pili, kidogo tu, kiasi cha Meshack peke yake kuona. Tumbo safi. Kitovu kilikuwa kimedondoka, kimekauka, kimepona, kimefunga kama cha mtoto wa miezi mitatu. Akamfunika upesi kabla nesi hajapita.

"Bukuru ni huyu," alisema. "Na usimwulize mwanangu wa kumzaa swali lolote. Amewapokea wote."

Leonia alikuwa amekwishanyoosha mikono. Alimchukua Bukuru kwanza, akamweka titini, na mtoto yule akanyonya bila kupumzika, kama mtu aliyengoja muda mrefu sana.