Mitungi Arobaini ya Kalunde

Enzi zile misafara ya pembe za ndovu ilipokuwa ikitoka bara kwenda pwani ya Mrima na kurudi na nguo za merikani na kaniki, pamoja na shanga, mji wa Ilambwe ulisifika kwa mambo mawili. La kwanza ni boma lake la magogo na miiba, ambalo hakuna adui aliyepata kulivuka. La pili ni Mtaa wa Vibuyu, ambao hakuna mpagazi aliyepata kuupita bila kuketi. Mtaani humo zilikuwako nyumba kumi na moja za pombe, na kubwa kuliko zote ilikuwa ya Kalunde binti Masonga, mjane mnene mwenye bangili za shaba hadi viwikoni, aliyemjua kila mpagazi kwa jina lake na kwa idadi ya vibuyu anavyoweza kunywa kabla hajaanza kulia.

Mtaa ulikuwa ndani ya boma, jirani na ikulu ya Mtemi Lusangija, na ujirani huo ndio uliouponza. Siku moja wapagazi wawili waliogombania kigoda walipigana kutoka mlangoni kwa Kalunde hadi uani kwa mtemi, wakamwangukia akiwa anakula, wakaanguka wote watatu pamoja na mchuzi. Kesho yake mtaa mzima ukaamriwa kuhamia nje ya lango.

"Mtemi wangu," Kalunde alisema, amepiga magoti, "siku adui akija, sisi tutajificha wapi?"

"Adui akinusa huko kwenu atalewa kabla hajafika," mtemi akajibu, na wazee wake wakacheka kwa muda uliotosha kumridhisha.

Kalunde hakucheka. Alijenga upya, akaloweka mtama, akaanika kimea.

Mwaka haujaisha, ukafika msafara wa wapagazi mia tatu kutoka Mrima. Kirangozi wao, kiongozi wa msafara, alikuwa Ngelela, mtu mrefu wa joho jekundu na manyoya ya mbuni kichwani. Walitua mizigo nje ya lango, wakakuta pombe ingali inachacha.

"Kesho adhuhuri," Kalunde akawaambia. Watu waliotembea miezi mitatu wakiizungumza pombe hiyo wakaketi kuingoja.

Asubuhi yake vumbi likatimka upande wa magharibi. Alikuwa Kasonta, jemadari wa ruga-ruga, askari wa kukodiwa, na watu mia mbili wenye magobori na vilemba vyekundu. Lango la boma likafungwa upesi, na Mtaa wa Vibuyu ukabaki nje kama nguo iliyosahauliwa uani.

Kalunde alimkimbilia Ngelela. "Kirangozi, watu wako wana mikuki. Tuokoeni."

"Mama, vita hivi ni vya Kasonta na mtemi," Ngelela akasema kwa upole. "Sisi tumebeba mali ya watu, naye Kasonta ametuma mjumbe kutuapia kuwa hataigusa. Tutakunywa, kisha tutaondoka."

Kasonta akaingia mtaani. Hakuwa mjinga, alizijua habari za majemadari walioshindwa kwa sababu askari wao waliona pombe kabla ya kuona adui. "Mitungi yote ivunjwe kwanza," akaamuru. "Lango baadaye. Sitaki hata mtu wangu mmoja aonje."

Kalunde aliitazama mitungi yake arobaini, kazi ya siku saba. Kisha akawatazama wapagazi.

"Baba jemadari, sikuzuii. Ila msiivunjie ndani, kuta zangu ni za udongo. Tutaitoa uwanjani wenyewe."

"Mwanamke mwenye akili," Kasonta akasema.

Kalunde na wenzake wakaitoa, mmoja mmoja, pole pole, wakiipitisha mbele ya wapagazi na kufunua kila mtungi ili harufu itoke vizuri. Ruga-ruga wakageuza magobori yao, wakaanza kuvunja kwa vitako. Pombe iliruka ikawalowesha wao na baruti zao. Kila mtungi uliopasuka Kalunde aliusikia mbavuni.

Ulipovunjika wa tisa, Ngelela alisimama. Akavua joho lake, akalikunja.

"Kasonta, uliapa hutagusa mzigo wetu."

"Sijagusa hata mmoja."

"Na pombe hiyo nayo tuliibeba," Ngelela akasema. "Miezi mitatu, vichwani."

Wapagazi mia tatu wakainuka na mikuki, mipiko ya kubebea mizigo na vigoda. Ruga-ruga wakageuza magobori, wakafyatua. Baruti iliyolowa ikafuka moshi kidogo na kunuka togwa. Baada ya hapo hapakuwa na vita vya kusimulia, palikuwa na mbio tu. Kasonta alionekana mara ya mwisho akivuka mto bila kilemba.

Palipotulia, lango likafunguka, Mtemi Lusangija akatoka na ngozi yake ya simba na mkuki usio na doa. Aliikuta mitungi thelathini na mmoja ikinywewa.

"Kalunde," akasema baada ya kukohoa, "nawaruhusu mrudi ndani ya boma."

"Mtemi wangu, kuhama mara ya pili siwezi, kiuno kinaniuma," Kalunde akajibu, akipiga magoti kwa heshima zote. "Boma ndilo lihame."

Mtemi aliwatazama wapagazi. Nao walikuwa wameacha kunywa, wanamsikiliza.

Waimbaji wa ikulu walitunga wimbo kuwa Lusangija alimshinda Kasonta kwa dawa ya vita, na Kalunde hakutajwa hata ubeti mmoja. Lakini wasafiri waliouzunguka mji miaka mingi baadaye waliona kuwa boma la Ilambwe, lililonyooka kila upande, lilifura karibu na lango kama tumbo la mtu aliyeshiba, likiuzunguka Mtaa wa Vibuyu, na walipouliza sababu, watu wa ikulu waligeuza maneno, wakawaonyesha njia ya kwenda kisimani.