Mstari wa Didier

Jumatatu asubuhi Olive alifuta tano akaandika kumi. Alipofungua faili tena, tano ilikuwa imerudi.

Alidhani amesahau kuhifadhi. Yeye na mwenzake Victoire, wote Warundi, walitengeneza programu katika chumba cha nyumba ya zamani kwenye mtaa wa Bellevue, na zahanati ndogo za mtaa wa Hillbrow ziliitumia kupimia watoto dawa. Mwenzao wa tatu, Didier, alikuwa amefariki wiki tatu nyuma kwa ajali, akaacha mabadiliko kumi na saba ambayo hayajaingizwa kwenye programu. Sasa ilimbidi Olive ayafanyie rebase: ayang'oe pale Didier alipoanzia, ayapange upya, moja baada ya jingine, juu ya kazi ya sasa. Kila yalipogongana nayo, kompyuta ilisimama, ikamtaka achague mstari upi ubaki.

Mstari wa zamani ulisema mililita kumi za dawa ya homa. Didier aliandika tano, bila maelezo. Olive akachagua kumi.

Badiliko la pili, mgongano uleule. La tatu, uleule. Alighairi yote, akaanza upya. Jumanne akaanza upya tena.

"Eish, alikuwa anafikiria nini huyu mtu?" alisema. "Siku mbili niko palepale."

Jumatano mchana, alipofika la kumi na sita, harufu ya udongo mbichi ilitanda chumbani. Halafu kibodi ya Didier, ambayo waya wake ulikuwa umechomolewa na kuviringishwa juu ya meza, ikaanza kubonyezwa.

"Umesikia?" Victoire alinong'ona.

"Nimesikia. Usigeuke."

Vitufe viliendelea kulia, polepole, kimoja kimoja, kama mtu mwenye vidole vizito anayetafuta herufi, na kwenye kioo cha kompyuta ya Olive, ambaye mikono yake ilikuwa mapajani, kila kumi aliyoiandika tangu asubuhi ilifutika ikawa tano, faili baada ya faili, hadi mwanzo kabisa.

Victoire alishuka kumwita Mama Kidawa, mwanamke wa Tanga aliyepanga chumba cha nyuma na kutibu watu wenye majini. Mama Kidawa alifukiza ubani juu ya meza ya Didier, akasoma dua kwa muda mrefu, kisha akamwita marehemu kwa jina na kumwamuru atoke. Dirisha lilitikisika mara moja. Harufu ikaisha.

Olive, akiwa bado na hasira, alichagua mistari ya zamani kila palipogongana. Yote kumi na saba yakapita. Akayatuma zahanati.

Alhamisi nesi Joséline wa zahanati mojawapo alipiga simu.

"Dada Olive, dawa mpya ya homa tuliyoanza kutumia leo ina nguvu maradufu. Nilimwambia Didier mwezi uliopita kwamba inakuja, akasema anarekebisha. Mbona programu inasema kumi?"

"Kuna mtoto aliyekunywa?"

"Mmoja. Tumemkimbiza hospitali."

Olive alirudisha tano, akaituma zahanati papo hapo. Lakini alikuwa amefuta mistari mingine mingi ya Didier, na hakuna aliyejua kila mmoja uliandikwa kwa nini. Akashuka hadi chumba cha nyuma.

"Mama, naomba umrudishe. Nina maswali ya kumuuliza."

Mama Kidawa alimtazama kwa huruma.

"Mwanangu," alisema, "mimi nilifundishwa kufukuza tu."